Mtoto mchanga, miji 6, siku 21: niende au nibaki?

Shangazi, shikamoo.

Naandika kwa kidole gumba kimoja huku mtoto amenilalia kifuani, kwa hiyo nisamehe makosa. Ni mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, juzi ametimiza miezi 7. Ananyonya, ameanza kula vyakula vya kupondwa, na usiku huamka mara mbili. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kuelewana.

Sasa baba mkwe anatimiza miaka 70, na familia nzima ya mume wangu imepanga likizo ya siku 21 nje ya nchi, wiki 9 kuanzia leo. Tutakuwa watu 11. Ratiba kaiandaa wifi yangu, ambaye bado hajapata mtoto, na ni ratiba nzuri kweli kama ningekuwa yeye. Tunaruka usiku, safari ya muda wa saa 9, na huko tuendako majira yanatofautiana na ya kwetu kwa saa 6. Kisha miji 6 kwa gari la kukodi: wa kwanza siku 3, wa pili siku 3, wa tatu siku 6 (sherehe ya mzee ni huko, siku ya 10), wa nne siku 2, wa tano siku 2, wa mwisho siku 5. Kuna siku tutakaa barabarani kwa muda wa saa 7.

Mume wangu kazi imembana, atatufuata siku ya 5. Anasema nitangulie na wazazi wake, mikono ipo mingi. Hiyo mikono naijua, Shangazi. Inambeba akicheka, akianza kulia inanirudishia.

Kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema kiti cha mtoto cha gari ni mzigo wa bure, yeye aliwapakata wanawe wote wanne na wamekua. Wifi anasema ipo dawa ya maji ya mafua, kijiko kimoja kabla ya kupanda ndege na mtoto analala mpaka mnatua. Mama yangu mzazi anasema nisiende kabisa, mtoto hasafirishwi umbali huo kabla ya mwaka mmoja. Mume wangu anasema watoto huzoea. Mimi nimeandika orodha ya vitu vya kubeba, imefika vitu 64, na usingizi bado siupati.

Nisipoenda nitaonekana nimemsusia mzee sherehe yake, naye ni mtu aliyenipokea vizuri mno. Nikienda, naogopa nitarudi nimegombana na ukoo mzima. Mume wangu ameahidi kusoma jibu lako, kwa hiyo andika ukijua naye anasikiliza.

Mama wa Vitu 64

*

Marahaba, mwanangu.

Nenda. Ila usiende kwa ratiba hiyo, na usipande ndege hiyo bila mumeo.

Kuna jambo ambalo katika barua yako yote sikuona mtu akiligusa. Nyote mnabishana juu ya mtoto wa miezi 7, na huyo hasafiri. Atakayesafiri ana miezi 9, ambaye ni mtu mwingine. Huyu wa leo ukimlaza mahali unarudi unamkuta palepale. Yule atakuwa anatambaa, pengine anajivuta asimame kwa kushika ukingo wa meza. Huyu anakwenda kwa kila mtu. Yule atakuwa kwenye umri ambao watoto wengi huanza kuziogopa sura wasizozizoea, na kulia mama akitoka tu mlangoni. Mikono unayosema inakurudishia mtoto sasa, wakati huo yeye mwenyewe ndiye atakayeikataa. Atakayoikubali ni minne tu, miwili yako na miwili ya baba yake. Baba akibaki nyumbani, ndani ya ndege usiku kucha imebaki miwili, na kuna saa utataka kwenda msalani.

Kwa hiyo fanya hivi. Badilisha tiketi yako, utoke na mumeo siku ya 5. Msiwakimbize wenzenu kwenye mji wa pili. Nendeni moja kwa moja mji wa tatu, penye sherehe, muwasubiri hapo. Mtawatangulia kwa siku moja au mbili, nyumba ikiwa kimya, na hilo peke yake ni zawadi. Mji wa nne na wa tano, waacheni waende wao. Ninyi bakini palepale mpaka siku ya 16, kisha mkutane nao mji wa mwisho. Umetoka kwenye vitanda sita ukabaki na viwili, na mzee hajakukosa siku yake.

Usidhani natia chumvi kuhusu vitanda. Mtoto wangu wa pili nilizunguka naye akiwa na miezi 10, siku tisa, nyumba tano. Usiku wa nne niliamka nikamkuta ameketi wima gizani, hajalia bado, anautazama ukuta. Akageuka akanitazama mimi, akarudi kwenye ukuta. Halafu ndipo akaanza. Mchana alikuwa mchangamfu kama kawaida, kila mtu akisema mtoto huyu anapenda safari. Usiku alikuwa akinidai maelezo. Tulipokuja kukaa mahali pamoja siku tatu mfululizo, alirudia kulala kama zamani bila mtu kumfundisha chochote.

Halafu kuna hizo saa 6 za majira. Mwili huzoea kwa kadiri ya saa moja kwa siku, wa mtu mzima na wa mtoto, ila mtoto hawezi kujilazimisha. Mkielekea magharibi ataamka saa tisa usiku akicheka na kutaka mchezo. Mkielekea mashariki atagoma kulala mpaka manane, na asubuhi haamki. Tiba kubwa ni mwanga wa jua. Asubuhi mtoeni nje, hata kama amenuna. Milo ya mchana mpeni kwa saa za huko. Usiku akiamka mnyonyeshe, mbadilishe nepi gizani, usimwongeleshe sana, mrudishe. Mkifika siku ya 5 au ya 6, mpaka siku ya 10 hatakuwa amekaa sawasawa kabisa, lakini atakuwa mtu wa kupigwa naye picha. Kwa ratiba ya wifi yako angeanza kuzoea huku anahamishwa, na mama yake keshachoka hata kabla ya keki kukatwa.

Mama yako mzazi nimemwelewa, ila sikubaliani naye. Mtoto mwenye afya wa miezi 9 anasafiri vizuri. Kwa baadhi ya mambo ni rahisi kuliko wa mwaka mmoja na nusu, ambaye keshajua kukimbia na bado hajajua kusikia. Hofu yake igeuze iwe miadi ya kliniki, na iwe wiki hii. Chanjo ya surua katika nchi nyingi hutolewa miezi 9 au 12, lakini mtoto anayekwenda penye mlipuko anaweza kuchanjwa kuanzia miezi 6. Dozi hiyo ya mapema haihesabiwi, atarudia zake za kawaida. Chanjo ya homa ya manjano, kama huko mwendako inahitajika, kwa kawaida huanzia miezi 9, na cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Sasa piga hesabu: mwanao anatimiza miezi 9 karibu na siku ya safari yenyewe. Tena chanjo hizi mbili ni za virusi hai. Zisipotolewa siku moja, kwa kawaida hupishanishwa wiki 4. Ukisubiri mpaka wiki ya mwisho, kalenda itakukatalia. Siku hiyohiyo mpimeni uzito na muuandike, kwa sababu dawa ya homa ya mtoto hupimwa kwa kilo, na saa nane usiku ugenini hakuna anayekumbuka kilo.

Dawa ya wifi. Hapana. Huu si mjadala. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya tangu 2008 kwamba dawa za mafua na kikohozi za kununua dukani bila cheti cha daktari zisipewe watoto wa chini ya miaka 2. Zile zinazoleta usingizi ni za mzio. Kwa mtoto mdogo zikizidi zinaweza kudhoofisha pumzi, na wako watoto ambao zinawafanya kinyume: badala ya kulala wanakuwa kama wamemezwa na umeme. Fikiria hilo katikati ya ndege, abiria mia tatu, na dawa huwezi kuitoa tena tumboni. Wifi yako hana nia mbaya, amesikia mahali. Lakini atakayemwambia ni kaka yake.

Na huyo kaka mtu ana kazi nyingine kama hiyo kwa mama yake, kuhusu kiti cha gari. Wewe ukilisema, hata ukilifunika kwa asali, litasikika kama unamwambia mama mkwe hakujua kulea. Mwanawe akilisema ni mazungumzo ya mama na mwana. Amwambie hivi: gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 9 anavuta mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kumi na zaidi. Hakuna mkono wa bibi wala wa mwanamieleka unaoshika hapo. Wale wanne walipona kwa sababu gari halikugonga. Kiti kiwekwe nyuma, mtoto akitazama kinyume na mwendo. Kanuni mpya za Ulaya za viti hivyo hazitaki ageuzwe kabla ya miezi 15, na madaktari wengi wa watoto wanasema bora abaki hivyo zaidi ya hapo. Kamwe kisiwekwe kiti cha mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa maana ukilipuka unapiga mgongo wa kiti chenye kichwa chake. Bebeni kiti chenu mnachokijua, mashirika mengi ya ndege hukichukua bila malipo. Cha kukodi huwezi kujua kimepitia nini.

Hizo saa 7 za barabarani ndizo zinazowahadaa watu kwenye ratiba. Ukiwa na mtoto kitini, unasimama kila baada ya saa mbili hivi: anatolewa, ananyooka, ananyonya, anabadilishwa, anatambaa kwenye kitambaa kando ya maegesho huku wewe unamtoa majani mdomoni. Saa 7 zinakuwa 10. Nimewahi kuona watu wazima wenye heshima zao wakianza kupandishiana sauti kwenye kituo cha nne. Ninyi mtakuwa na safari moja tu ya namna hiyo, kutoka mji wa tatu kwenda wa mwisho. Ondokeni wakati wake wa kulala, na kama kuna mahali pazuri pa kulala njiani, igaweni siku mbili bila aibu. Msimnyonyeshe gari likienda kwa kumtoa kitini. Simamisheni.

Kuhusu ndege, mpigie shirika leo uwaulize juu ya kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani. Kila shirika lina kikomo chake cha uzito na urefu, na wa miezi 9 mara nyingi ameshakikaribia au amekipita. Hata akiingia, kila taa ya mikanda ikiwaka unamtoa, amelala au hakulala. Mkiweza kumlipia nafasi yake mwenyewe, mfungeni kwenye kiti chake cha gari, mradi kina kibandiko kwamba kinaruhusiwa ndani ya ndege. Ni gharama, najua, na kisheria chini ya miaka 2 anaweza kupakatwa. Ila nimekwambia maoni yangu.

Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa. Kuna mrija mwembamba kati ya sikio na koo ambao hufunguka mtu anapomeza, na wa mtoto ni mdogo, huziba upesi. Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, kabla hata hawajatangaza; utasikia mwenyewe masikio yako. Hapo ndipo mpe titi. Kosa la wengi ni kumshibisha wakati wa kupaa, kisha wakati wa kushuka anageuza uso. Akiwa na mafua mazito au sikio bovu siku hizo, mwone daktari kabla ya kuruka. Maziwa na chakula cha mtoto, kwenye viwanja vingi, havibanwi na kile kikomo cha mililita 100, lakini vitoe kwenye begi uvitangaze mwenyewe wasije wakakufukulia kila kitu.

Ikitokea hata hivyo ukasafiri bila mumeo, beba barua yake iliyosainiwa kwamba ameridhia, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Zipo nchi zinazodai karatasi hizo mpakani kwa mtoto aliye na mzazi mmoja, na bibi na babu pembeni hawahesabiki.

Turudi kwenye orodha yako. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na nguo nne za kubadilisha za mtoto kwenye begi la mkononi. Zangu sifuri. Saa ya pili angani alinitapikia kuanzia bega mpaka kiunoni, na nilikaa saa saba zilizobaki ndani ya blauzi iliyochacha, jirani yangu akijitahidi kutazama dirishani. Yeye mtoto alikuwa mkavu, amependeza. Kwa hiyo blauzi yako na shati la mumeo viingie begi la juu kabla ya kitu kingine. Nepi za saa za safari na nusu yake tena; nyingine mtanunua mkifika, watoto wako kila mahali duniani. Kipimajoto. Pakiti chache za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Mbeleko, kwa sababu kigari hakipandi ngazi. Shuka yake ya kulalia, na usiifue kabla ya kuondoka, iende na harufu ya nyumbani. Midoli acha. Wangu alipewa midoli saba, akacheza siku tisa na chupa tupu ya maji yenye kifuniko kilichokazwa.

Wifi yako, kwa kuwa anajua kupanga, mpe upangaji: atafute nyumba hizo mbili zenye jiko, chumba kinachoweza kutiwa giza na kitanda cha mtoto chenye godoro gumu. Mtoto alale chali, bila mito wala mablanketi mazito. Na siku ya kufika, mkiwa mmechoka, msikae na mtoto kwenye kochi "kidogo tu". Kochi ni mahali pabaya kuliko pote mzazi kusinzia na mtoto. Anayesikia usingizi ampe mwenzake au amlaze kitandani kwake. Nyumba ikishapatikana, shuka chini utambae sakafuni mwenyewe. Waya, vidonge vya mgeni aliyepita, pembe za meza, utaviona vyote kwa dakika tano.

Akiharisha au kutapika, endelea kumnyonyesha, mpe ORS kidogokidogo kwa kijiko, na hesabu nepi. Akikaa muda wa saa sita bila kukojoa, analia bila machozi, utosi umebonyea au amelegea, msingoje kupambazuke. Ulizeni siku ya kwanza hospitali ya karibu iko wapi, kabla hamjauliza ufukwe.

Mama mkwe naye asiachwe hivihivi. Wazee huamka alfajiri. Mtoto akishamzoea, siku mbili tatu za kwanza wewe ukiwa karibu, mpe zamu ya saa kumi na mbili asubuhi: amchukue baada ya kunyonya, watoke nje wakatafute mwanga. Utamwambia kwamba mtoto anamhitaji, na itakuwa kweli.

Nawe baba mtoto, nimeambiwa unasoma. Tiketi ya mkeo ni simu yako kupiga, kesho, kabla ya bei kupanda. Kiti cha gari kifunge na kukifungua mara tano ukiwa bado nyumbani, usije ukasoma maelekezo yake kwenye maegesho ya kiwanja cha ndege saa moja asubuhi huku watu wanakusubiri. Na usiku wa kwanza na wa pili, kuanzia saa tisa, zamu ni yako. Mkeo atamnyonyesha, atakukabidhi, atageuka alale. Wewe utakaa sakafuni naye gizani, na akikuchekea, usiwashe taa.